KETTERING: FUNDI ALIYETUPA CHECHE, AKATUACHIA NA RISASI

Njia ya kutoka Lodwar kwenda Lokitaung humfundisha msafiri subira kabla hajafika nusu yake. Serikali ya kikoloni iliujua ukali wa nchi hiyo, na ndiyo sababu mwaka 1953, baada ya kesi ya Kapenguria, ilimpeleka Mzee Jomo Kenyatta na wenzake kufungwa Lokitaung, mahali ambapo jua lilitosha kuwa askari na jangwa likatosha kuwa ukuta. Wazee wale walitoka na nchi ikapata uhuru wake, lakini njia imebaki na tabia yake: mawe, laga zinazokaa kavu miezi mingi kisha zikafurika kwa saa moja, na vumbi laini kama unga wa wanja.

Miaka kadhaa iliyopita nilipita njia hiyo ndani ya gari kuukuu la petroli, lisilo na kompyuta wala kitu kinachofanana nayo. Jua liliposimama utosini, injini ilipiga chafya mara mbili tatu, ikanyamaza. Dereva wetu, Mturkana mtu mzima ambaye ndiye aliyekuwa fundi pia, akazungusha ufunguo. Stata ilizunguka, injini haikushika. Akarudia tena na tena, mpaka betri nayo ikaanza kulegea kama sauti ya mtu aliyezidiwa na usingizi. Hapo akaacha, akafungua boneti.

Alikifungua kile kifuniko cheusi cha distributa, akakipangusa ndani kwa kitambaa kikavu. Chini yake mlikuwa na vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, ambavyo mafundi huviita pointi. Nyuso zake zilikuwa zimeungua na kuingiwa na vumbi. Akazisugua kwa msasa laini, akazifuta, akachana kipande cha karatasi ngumu ya kasha la kiberiti, akakipenyeza baina yake ili apime nafasi, kisha akakaza skrubu. Kazi yote haikuzidi robo saa.

Kwa kuwa betri ilikuwa imechoka, alitoa hendeli nyuma ya kiti, akaitia mbele ya injini. Kabla hajaivuta alinionyesha mkono wake. Kidole gumba hakukizungusha kwenye chuma. Alikilaza upande mmoja na vidole vingine. Alinieleza kwamba hendeli ikirudi kinyume, gumba lililokumbatia chuma huvunjika, na mkono huenda ukavunjika nalo. Akavuta mara ya kwanza, na mara ya pili injini ikaitika.

Tulipokuwa tukiendelea na safari nilimuuliza ni nani aliyeyabuni mambo yale. Alicheka. Hakujua, wala mwalimu wake hakujua; walirithishana ufundi kama watu wanavyorithishana lugha. Mimi ni mtoto wa madau na punda, sikuwa na la kumjibu. Lakini niliporudi Mombasa nilitafuta, na nikamkuta mtu mmoja ambaye maisha yake yana mazito kuliko nilivyodhani. Mkono uliotuondolea taabu ya hendeli ndio uliosaidia kutia sumu katika petroli ya dunia nzima. Jina lake ni Charles Franklin Kettering.

MTOTO MWENYE MACHO MABOVU

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika shamba lililo karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Tangu udogo alikuwa na akili nyepesi na macho mazito. Akisoma kwa muda, kichwa humuuma hata ashindwe kuendelea. Kwa mtu wa namna hiyo elimu ya vitabu ni mlima, na kweli ulimtesa. Alipokuwa kijana alisomesha katika shule za vijijini, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Ohio State, lakini macho yakamrudisha nyumbani.

Badala ya kukaa na kujililia, alikwenda kufanya kazi ya mikono. Alijiunga na genge la watu waliokuwa wakichimba mashimo ya nguzo na kutandaza nyaya za simu, na haukupita muda akawa msimamizi wao. Ni katika kazi hiyo, kwenye mji wa Ashland, alipokutana na Olive Williams, binti aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya simu. Jua na hewa ya nje vilimpa nafuu ya macho, na nyaya zikampa mapenzi ya umeme. Akarudi chuoni, wenzake wakimsaidia kwa kumsomea vitabu, na mwaka 1904 akahitimu uhandisi wa umeme akikaribia umri wa miaka 28. Mwaka uliofuata yeye na Olive wakaoana. Walijaaliwa mtoto mmoja wa kiume, Eugene.

Kazi yake ya kwanza baada ya chuo ilikuwa katika mji wa Dayton, kwenye kampuni ya National Cash Register iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Mashine hizo zilikuwa zikizungushwa kwa mkono. Kettering alitakiwa azitie umeme. Taabu ilikuwa kwamba mota yenye nguvu ya kutosha ingekuwa kubwa kupita mashine yenyewe. Yeye akaona jambo ambalo wengine hawakuliona: mashine ile haihitaji nguvu mchana kutwa, yahitaji nguvu nyingi kwa muda mfupi tu, droo ifunguke, kisha mota ipumzike. Mota ndogo yaweza kufanya kazi kubwa kwa nukta chache bila ya kuungua. Fikira hiyo, ndugu msomaji, iweke akilini, kwani tutaihitaji mbele.

USIKU KATIKA BANDA

Katika kampuni hiyo alikuwako bwana mmoja mkubwa kwa cheo aitwaye Edward Deeds, ambaye nyuma ya nyumba yake palikuwa na banda. Kuanzia mwaka 1908, Kettering na wenzake kadhaa walikuwa wakitoka kazini jioni na kwenda katika banda hilo kufanya kazi hata usiku wa manane. Walikuwa wakitafuta dawa ya maradhi makubwa ya magari ya zama zile, nayo ni cheche.

Injini ya petroli hupumua mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, pistoni ikaukandamiza, na kabla tu pistoni haijafika juu kabisa, cheche hupasuka na kuuwasha. Cheche ikichelewa, nguvu hupotea. Ikitangulia sana, moto huipiga pistoni ingali ikipanda. Cheche ina wakati wake kama adhana ilivyo na wakati wake. Haifai kabla wala baada. Na injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika yataka cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila nukta.

Magari mengi ya wakati huo yalitumia betri kavu ambazo ziliisha haraka, kwani koili zake zilimwaga mvua ya cheche ndogo ndogo pale ambapo moja ingetosha. Mengine yalitumia magineto, chombo kizuri lakini ghali. Kettering alikusudia cheche moja, yenye nguvu, kwa wakati mmoja, bila ya kuinyonya betri. Alifanikiwa. Kampuni ya Cadillac ya Detroit, chini ya mzee Henry Leland, ikaagiza maelfu ya vyombo vyake. Mwaka 1909 Kettering aliacha kazi ya mashine za fedha, na yeye na Deeds wakaanzisha kampuni yao iliyokuja kujulikana kwa jina la Delco.

Mtindo huo ulipokwisha kurekebishwa ndio ulioendesha magari ya petroli ya dunia kwa zaidi ya nusu karne, mpaka umeme wa kisasa ulipoanza kushika mahali pake katika miaka ya 1970. Wahandisi wanauita hadi leo kwa jina la Kettering. Ndio niliouona chini ya boneti katika njia ya Lokitaung, na kazi yake ni rahisi kuifuata.

Umeme wa betri, volti 6 au 12 tu, hupita ndani ya koili, katika waya mnene uliozungushwa mara chache. Juu ya kiini hicho hicho umezungushwa waya mwingine, mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Pointi zikigusana umeme hupita na koili hujaa nguvu ya sumaku. Pointi zikiachana ghafla nguvu ile huporomoka, na katika waya mwembamba huzuka umeme wa volti 20,000 au zaidi. Distributa huupokea na mkono wake unaozunguka huugawa kwa plagi, moja baada ya moja, kwa zamu. Kando ya pointi hukaa kondensa, kijikopo kidogo kinachoumeza umeme ambao ungeruka pale pointi zinapoachana. Pasipo hicho, pointi zingeungua na cheche ingekuwa dhaifu.

Sasa mtu aweza kufahamu kwa nini nchi kama Turkana ni adui wa vyombo hivi. Nafasi baina ya pointi, katika magari mengi ya aina ile, ni kiasi cha sehemu nne katika kumi za milimita. Chembe ya vumbi ikikaa hapo, umeme haupiti. Njia ya mawe nayo hulegeza skrubu mpaka nafasi ikapotea. Joto huitesa koili, na koili iliyochoka ina hila: asubuhi hufanya kazi, adhuhuri hukataa, jioni ikipoa hurejea kama kwamba haikutokea kitu. Fundi asiyeijua hila hiyo hubadilisha vyombo vyote isipokuwa ule wenye ugonjwa.

Dereva wetu alikuwa na kanuni zake, nami nilizihifadhi. Kabla ya kugusa chochote huzima ufunguo. Huanza kwa kutazama cheche, kwa kuwa rangi yake husema: ya buluu na yenye mlio ni nzima, ya manjano na kimya ni mgonjwa. Pointi zikiungua upesi baada ya kusuguliwa, yeye hailaumu pointi, humshuku kondensa. Kwenye kitovu kinachozisukuma pointi hupaka grisi kidogo tu, kwani ikizidi hurukia pointi na kuzima kila kitu. Kifuniko cha distributa hukitazama ndani kwa makini, kwa kuwa ufa mwembamba kama uzi hutosha kuupoteza umeme.

Betri huitunza kama mtu anavyomtunza mgeni. Katika joto lile maji yake hukauka haraka, na yeye huyarudisha kwa maji ya betri yaliyosafishwa, si kwa maji ya laga wala ya ziwa yenye chumvi. Ukungu mweupe na wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri huuosha kwa maji ya magadi, akavikausha, akavipaka grisi. Sigara haikaribii hapo, maana hewa itokayo kwenye betri inayochajiwa hulipuka. Na jambo la mwisho, ambalo alisema huwasumbua wengi, ni waya wa ardhini unaounga betri na mwili wa gari. Ukilegea au ukishika kutu, mtu ataona taa hafifu na stata nzito, akanunua betri mpya bure.

MKONO WA BYRON CARTER

Tumrudie Kettering. Cheche ilipokwisha kupata wakati wake, ilibaki taabu ya kuiamsha injini. Karibu magari yote ya petroli yaliamshwa kwa hendeli, na hendeli iliwavunja watu mikono, mataya na mbavu. Pale cheche inapotangulia, injini huzunguka kinyume na kuirusha hendeli kwa nguvu ya kutisha.

Husimuliwa Detroit kwamba mtengenezaji magari mmoja, Byron Carter, alisimama njiani katika kisiwa cha Belle Isle kumsaidia mwanamke ambaye gari lake lilizimika. Hendeli ilirudi na kumpiga usoni, na baadaye akafariki. Carter, aliyekufa mwaka 1908, alikuwa rafiki wa mzee Leland wa Cadillac. Masimulizi yanaeleza kwamba Leland alihuzunika sana, akaapa kutafuta njia ya kuiondoa hendeli katika magari yake, na ndipo alipomwendea Kettering.

Wataalamu wengi walisema haiwezekani. Walipiga hesabu, wakaona kwamba mota ya umeme ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa karibu na injini yenyewe, na betri yake ingelijaza gari. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa mota ifanyayo kazi siku nzima. Kettering alikuwa na ile fikira ya mashine ya dukani: nguvu nyingi, muda mfupi, kisha mapumziko. Februari 1911 gari la kwanza la Cadillac lilikuwa limekwisha wekewa chombo chake, na katika matoleo ya mwaka 1912 magari ya Cadillac yaliuzwa yakiwa na stata, taa za umeme na cheche, vyote vikilishwa na betri moja inayochajiwa na injini yenyewe. Mwaka 1913 kampuni hiyo ilipewa huko Uingereza tuzo ya Dewar kwa ajili ya kazi hiyo.

Miaka haikuwa mingi, hendeli ikaanza kuwa chombo cha akiba. Wazee, wanawake na watu wasio na misuli wakaweza kuendesha gari peke yao bila ya kumwita mtu wa kulizungusha. Laiti Kettering angaliishia hapo, tungalimtaja kwa heri tu.

INJINI ILIYOGONGA

Kampuni ya Delco iliuzwa mwaka 1916, na muda si muda ikawa ndani ya General Motors, kampuni kubwa ya magari. Mwaka 1920 Kettering aliwekwa kuwa mkuu wa utafiti wa General Motors, cheo alichokaa nacho hadi mwaka 1947. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na jambo lililomkera moyoni. Injini za wakati ule, hasa zilipobebeshwa mzigo mlimani, zilikuwa zikigonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya chuma. Wapinzani wake walisema sababu ni ile cheche yake ya betri.

Kettering alijua kwamba cheche yake inasingiziwa, akaamua kulisafisha jina lake. Kuanzia mwaka 1916 alimpa kijana mmoja mhandisi, Thomas Midgley, kazi ya kutafuta asili ya mgongo huo. Midgley alithibitisha kwamba kosa ni la mafuta: petroli ikikandamizwa sana hulipuka ovyo badala ya kuungua kwa taratibu. Cheche ikatoka bila ya hatia. Hadi hapa bwana Kettering alikuwa na haki.

Kisha wakatafuta kitu cha kuituliza petroli. Walijaribu vitu vingi. Walijua kwamba spiriti itokanayo na nafaka au miwa, ikichanganywa na petroli, huondoa mgongo ule. Lakini spiriti hutakiwa nyingi, na kila mtu aweza kuitengeneza. Hakuna awezaye kuimiliki. Tarehe 9 Desemba 1921 walipata kitu kingine, ambacho kijiko chake kidogo tu hutosha galoni nzima: mchanganyiko wenye madini ya risasi, madini yale yale ambayo wavuvi wetu huyatia katika chubwi. Kitu hicho kingeweza kumilikiwa. Februari 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa Dayton kwa jina la Ethyl, na neno risasi halikutajwa katika jina hilo.

Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo la siri. Lilijulikana tangu enzi za kale. Midgley mwenyewe mwaka 1923 ilimbidi aache kazi kwa muda akatafute hewa safi, kwa kuwa mapafu yake yalikuwa yameingiwa na risasi. Mwaka 1924 iliundwa kampuni ya kuuza dawa hiyo, na Kettering akawa rais wake. Oktoba mwaka huo huo, katika kiwanda kimoja cha New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakiitengeneza walianza kuona maruerue na kupagawa. Watano walikufa na makumi wengine wakalazwa. Baadhi ya miji na majimbo yakapiga marufuku petroli hiyo.

Mei 1925 serikali ya Marekani iliita mkutano mjini Washington. Kettering alisimama kuitetea bidhaa yake, kwamba injini za kesho haziwezi kuendelea bila yake. Upande wa pili alisimama Dakta Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard, bingwa wa maradhi ya viwandani, ambaye alionya kwamba risasi itokayo katika moshi itawaingia watu wa njiani polepole, pasipo mtu kujua. Mauzo yalisimamishwa kwa muda, kamati ikateuliwa, ikafanya uchunguzi wa miezi michache tu, na mwaka 1926 biashara ikafunguliwa. Yale yaliyosemwa na Dakta Hamilton yaliwekwa kando kwa takriban miaka hamsini.

Kettering aliishi kwa heshima kubwa. Alipata hataza zaidi ya mia na themanini, na alisaidia kuleta injini za dizeli katika reli. Mwaka 1945 yeye na Alfred Sloan, mkubwa wa General Motors, walianzisha mjini New York taasisi ya kutafuta dawa ya saratani, ambayo jina la Kettering limo ndani yake hata leo, na wagonjwa wasio na idadi wamefaidika nayo. Mwaka uliofuata mkewe Olive alifariki kwa maradhi hayo hayo ya saratani. Kettering mwenyewe alifariki tarehe 25 Novemba 1958, akiwa na miaka 82. Kitongoji alichokuwa akiishi kando ya Dayton kimekuwa mji wenye jina lake.

MIZANI

Risasi haikufa pamoja naye. Iliendelea kutoka katika mabomba ya moshi ya magari ya dunia, yakiwemo ya Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, na kuingia katika vumbi la barabarani ambamo watoto hucheza. Uchunguzi ulipofanywa kwa haki ulionyesha kwamba hudhuru ubongo wa mtoto na kumpunguzia akili, na kwamba hakuna kiasi chake kisichokuwa na madhara. Marekani ilianza kuipunguza katika miaka ya 1970 na kuipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Nchi zetu za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zilikuwa karibu zote zimekwisha iacha. Ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwezi Julai 2021. Habari ya kwamba petroli ya risasi imekwisha katika vituo vyote vya mafuta ulimwenguni ilitangazwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake Nairobi, tarehe 30 Agosti 2021. Ilikuwa siku moja baada ya Kettering kutimiza miaka 145 tangu azaliwe.

Wenye magari ya kale wangali wanaona alama yake. Vali za injini nyingi za zamani zilizoea risasi kama mto wa kukalia; ilipoondoka, viti vya vali vikaanza kulika, na mafundi ikawabidi wavibadilishe kwa vya chuma kigumu. Hiyo ni gharama ndogo. Akili ya mtoto iliyopunguzwa haina kipuri dukani.

Mtu kama huyu tumuweke wapi? Kumtukana ni wepesi, na kumsifu tu ni wepesi vile vile. Alikuwa mtu wa bidii, aliyeshinda udhaifu wa macho yake, na mikono isiyovunjika kwa sababu yake haihesabiki. Lakini nionavyo mimi, kosa lake lilianzia pale alipokuwa na haki. Alisingiziwa cheche, akathibitisha kwamba cheche ni safi. Na mtu aliyekwisha kuonekana mkweli mara moja, mbele ya wataalamu waliomkatalia mara mbili, huja akadhani kwamba kila amkataliaye ni mjinga. Waliosema stata haiwezekani walikosea. Alice Hamilton hakukosea. Kettering hakuzitofautisha sauti hizo mbili, na faida nayo ilikuwa upande wake ikimnong'oneza.

Nikikumbuka safari ile ya Lokitaung, nakumbuka lile gumba. Hendeli ilimvunja mkono yule aliyeishika, kwa hivyo watu walijua mara moja hatari yake, wakafundishana mahali pa kuweka kidole. Risasi ilimwingia mtoto aliyeketi kando ya njia, ambaye hakuwahi kupanda gari wala baba yake hakuwahi kulimiliki. Huyo hakuwa na mahali pa kuliweka gumba lake.

Tulifika Lokitaung jua likitua nyuma ya vilima. Dereva aliosha mikono yake kwa maji kidogo aliyobakisha, kisha akafungua boneti tena, ingawa gari halikuwa na kasoro. Nilimuuliza anatafuta nini. Alinijulisha kwamba haondoki penye gari mpaka ahakikishe kazi ya mkono wake haijamletea mtu mwingine taabu. Akazigusa nyaya moja moja, akaukaza mmoja uliolegea, akakitia mfukoni kile kipande cha karatasi ya kiberiti kwa ajili ya safari ya kurudi, akafunga.